Mfanyakazi au Mfanyabiashara? Katiba, Ajira na Biashara katika Sheria za Hispania

Ibara ya 35 ya Katiba ya Hispania inasema kila Mhispania ana wajibu wa kufanya kazi na haki ya kuwa na kazi. Ukiruka ibara mbili unakutana na ya 38, inayotambua uhuru wa kuanzisha na kuendesha biashara katika uchumi wa soko. Wanaozisoma ibara hizo kwa mara ya kwanza huishia kwenye mkanganyiko uleule. Ikiwa kazi ni haki ya kikatiba, mbona mwajiri anaweza kumwachisha mtu kazi bila sababu ya maana, akamlipa fidia, na jambo likaisha? Na ikiwa biashara ni huru, mbona mwenye kampuni anaambiwa na mahakama kwamba watu aliowaita washirika wake wa kibiashara ni wafanyakazi wake?

Mjadala huo umepamba moto zaidi tangu wasambazaji wa chakula wa baiskeli na pikipiki walipojaa katika mitaa ya Madrid na Barcelona. Msomaji wa Nairobi au Kampala analijua begi la manjano la Glovo. Kampuni hiyo ilizaliwa Barcelona mwaka 2015, na kesi iliyoutikisa mfumo wake nyumbani inaonyesha vizuri kuliko kitabu chochote jinsi sheria ya katiba, ya kazi na ya biashara zinavyoshikana.

Hoja ninayoisimamia ni hii: Katiba ya Hispania haikumpa ushindi mwenye kazi wala mwenye biashara. Iliweka mipaka, kisha ikaliachia Bunge lipange bei. Kwa hiyo anayetaka kujua haki zake asianzie kwenye ibara ya 35. Aanzie kwenye swali la nani, kwa macho ya sheria, ni mfanyakazi.

Katiba iliyotoka kwenye maridhiano

Jenerali Francisco Franco alifariki tarehe 20 Novemba 1975, baada ya kuitawala Hispania kwa karibu miongo minne. Chini yake waajiri na wafanyakazi waliwekwa kwa lazima katika chama kimoja kilichosimamiwa na dola, na mgomo ulikuwa kosa. Wajumbe saba walioandaa rasimu ya Katiba mpya walitoka pande zisizopikika chungu kimoja: mhafidhina aliyekuwa na mizizi katika utawala ule, watu wa mrengo wa kati, msoshalisti, mkomunisti ambaye chama chake kilikuwa kimehalalishwa mwaka 1977 tu, na Mkatalunya. Wananchi waliipigia kura tarehe 6 Desemba 1978, karibu asilimia 88 ya waliopiga kura wakasema ndiyo, na ikaanza kutumika tarehe 29 mwezi huohuo.

Katiba hiyo imebeba alama za kila upande. Ibara ya 1 inaitaja Hispania kuwa dola ya kijamii na ya kidemokrasia inayoongozwa na sheria. Ibara ya 7 inavitaja vyama vya wafanyakazi na vya waajiri pamoja, katika sehemu ya awali kabisa ya Katiba. Ibara ya 33 inalinda mali ya mtu binafsi, lakini inasema mali hiyo ina kazi ya kijamii inayoweka mipaka yake. Ya 38 inalinda biashara, ya 128 inauweka utajiri wote wa nchi chini ya maslahi ya umma. Msoshalisti na bepari kila mmoja ana ibara ya kushika.

Wakosoaji wanauita utata huo udhaifu: Katiba inayoahidi kila kitu haimfungi mtu yeyote. Watetezi wanajibu kwamba ndiyo maana serikali za kushoto na za kulia zimetawala chini ya maandishi yaleyale. Na kweli yamerekebishwa mara tatu tu, mwaka 1992, 2011 na 2024. Naona watetezi wako sahihi, kwa kuwa nchi iliyotoka kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe na udikteta ilihitaji kwanza meza ambayo wote wangeweza kuketi. Lakini gharama yake ipo. Vita halisi ya kazi na mtaji ilishushwa kutoka kwenye Katiba ikapelekwa kwenye sheria za kawaida, nazo hubadilika kila Bunge linapobadilika.

Haki zote haziko kwenye rafu moja

Hapa ndipo wengi wanapopotea. Haki zilizomo katika Katiba ya Hispania hazina ulinzi sawa, na ibara ya 53 ndiyo inayozipanga.

Rafu ya juu ina usawa mbele ya sheria, ambao ni ibara ya 14, na haki za msingi zinazofuata hadi ibara ya 29. Aliyenyimwa mojawapo anaweza kwenda mahakamani kwa njia ya haraka, na akishindwa kote anaweza kubisha hodi katika Mahakama ya Katiba kwa ombi la ulinzi linaloitwa amparo. Ndani ya rafu hii imo ibara ya 28: uhuru wa kujiunga na chama cha wafanyakazi, na haki ya kugoma.

Rafu ya kati ina haki zinazowafunga wenye mamlaka wote, na sheria inayozigusa haiwezi kufuta kiini chake, ila hazina njia hiyo ya amparo. Humo ndimo ilimo haki ya kazi, pamoja na mali binafsi, majadiliano ya pamoja kati ya wafanyakazi na waajiri, na uhuru wa biashara. Rafu ya chini ina misingi ya sera: afya, makazi, hifadhi ya jamii, ajira kwa wote. Mtu hawezi kusimama mbele ya hakimu akadai nyumba kwa kunyoosha kidole kwenye ibara ya 47. Lazima kuwe na sheria iliyoifafanua ahadi hiyo.

Tazama kinachotokana na mpangilio huo. Mfanyakazi anayegoma ana ulinzi wa juu kuliko mwenye kiwanda anayelinda mali yake. Lakini mfanyakazi huyohuyo akiachishwa kazi kwa sababu dhaifu isiyo ya kibaguzi, haki yake ya kazi haina njia ya kufika moja kwa moja Mahakama ya Katiba. Mwaka 1981 mahakama hiyo ilieleza, katika hukumu namba 22, kwamba haki ya kazi ina sura mbili. Kwa mtu mmoja mmoja, ni haki ya kupata kazi anayostahili na kutoachishwa bila sababu ya haki. Kwa jamii nzima, ni agizo kwa serikali kuendesha sera ya ajira kwa wote. Hakuna sura ya tatu inayosema dola itampa kila mtu kazi.

Mgomo wenyewe una kisa kinachostahili kukumbukwa. Katiba inataka sheria ya kuusimamia, na hadi leo Bunge halijaitunga. Kinachotumika ni amri ya serikali ya Machi 1977, ya kabla ya Katiba, ambayo Mahakama ya Katiba iliipunguza makali Aprili 1981. Mswada wa mwanzoni mwa miaka ya 1990 ulikufa Bunge lilipovunjwa.

Kwa waliozoea mfumo wa Kenya au Tanzania, ambako hukumu za juu zinazifunga mahakama za chini na kuwa sheria, ieleweke kwamba Hispania inafuata njia nyingine. Chanzo cha sheria ni maandishi ya Bunge, kisha desturi, kisha kanuni za jumla. Hukumu za Mahakama ya Juu zinazorudiwa hukamilisha sheria. Kiutendaji zina uzito mkubwa sana, na kesi ya wasambazaji wa chakula ni ushahidi.

Nani mfanyakazi?

Zamani msaidizi wa duka wa Hispania hakuwa na sheria ya kazi. Alikuwa na Sheria ya Biashara. Ile ya mwaka 1885, ambayo bado ipo, ilimweka msaidizi huyo katika kurasa zilezile na wakala wa mfanyabiashara, na ikasema pale muda wa kazi usipotajwa, upande wowote unaweza kuvunja mkataba kwa notisi ya mwezi mmoja. Msaidizi huyo alikuwa sehemu ya mambo ya tajiri wake. Sheria ya kazi ilizaliwa kwa kumtoa humo, hatua kwa hatua, na kusema uhusiano wake na tajiri si biashara kati ya watu wawili walio sawa.

Mtoko huo leo umeandikwa katika Sheria ya Wafanyakazi, iliyopitishwa mara ya kwanza Machi 1980 na ambayo toleo lake la sasa ni la Oktoba 2015. Ibara yake ya kwanza ina alama nne. Mfanyakazi ni mtu anayefanya kazi kwa hiari, kwa malipo, kwa faida na hasara ya mwingine, ndani ya mpango na chini ya maelekezo ya huyo mwingine. Mbili za mwisho ndizo kiini. Matunda ya kazi yanakwenda kwa nani, na hasara inamwangukia nani? Na nani anayepanga kazi ifanywe vipi? Ibara ya 8 inaongeza kwamba panapokuwa na huduma ya namna hiyo kwa malipo, mkataba wa ajira unachukuliwa kuwa upo, hata kama hakuna karatasi.

Anayekosa alama hizo ni mtu wa kujiajiri, wanayemwita autónomo. Huyo hujilipia mchango wake wa hifadhi ya jamii, hana likizo ya kulipwa ya siku 30, hana fidia ya kuachishwa, na saa 40 za wiki hazimhusu. Katikati, sheria ya mwaka 2007 iliweka kundi la waliojiajiri lakini wanaomtegemea mteja mmoja kwa angalau asilimia 75 ya kipato chao, na ikawapa haki chache.

Glovo ilisema wasambazaji wake ni wa kundi hilo. Hoja zake hazikuwa za kubeza. Msambazaji alichagua saa zake, aliweza kukataa oda, alitumia pikipiki na simu yake, hakukatazwa kufanya kazi na kampuni nyingine. Msambazaji mmoja wa Madrid alishitaki, mahakama mbili za kwanza zikamkatalia. Tarehe 25 Septemba 2020 Mahakama ya Juu ikageuza mambo.

Majaji waliangalia kinachotokea barabarani. Kampuni ilimfuatilia kwa GPS alipokuwa akisafirisha oda. Ilimpa alama, na mwenye alama ndogo alikosa saa nzuri, kwa hiyo uhuru wa kuchagua saa ulikuwa jina tu. Kampuni ndiyo iliyopanga bei kwa mteja na malipo ya msambazaji. Na kitendea kazi chenye uzito, walisema, si pikipiki wala simu, ni programu yenyewe; bila hiyo mtu mwenye pikipiki hana biashara yoyote. Glovo haikuwa dalali wa kuwakutanisha watu, ilikuwa inatoa huduma ya usambazaji kwa masharti yake. Kwa hiyo huyu alikuwa mfanyakazi.

Mwaka 2021 serikali, baada ya kukubaliana na vyama vya wafanyakazi na vya waajiri, iliandika dhana hiyo katika sheria: msambazaji anayeongozwa na jukwaa la kidijitali anachukuliwa kuwa mwajiriwa. Vilevile wawakilishi wa wafanyakazi wote, si wa wasambazaji tu, walipewa haki ya kuelezwa vigezo vya programu zinazoamua mambo ya kazi yao.

Waliopinga walikuwa na hoja mbili. Ya kwanza, ajira zingepotea. Na kweli Deliveroo iliondoka Hispania mwishoni mwa 2021. Ya pili, baadhi ya wasambazaji wenyewe waliandamana wakitaka kubaki huru, kwa kuwa walithamini kufungua na kufunga programu watakavyo. Hoja ya pili naipa uzito, kwa sababu inatoka kwa wanaobeba mzigo. Lakini haitoshi kuishinda kanuni ya ibara ya 3 ya Sheria ya Wafanyakazi, inayosema mfanyakazi hawezi kusamehe haki alizopewa kwa lazima na sheria. Kanuni hiyo inaonekana kama kumfunga mtu mikono. Lakini kazi yake ni kumlinda dhidi ya mkataba ambao asingeusaini kama angekuwa na nguvu sawa na aliye upande wa pili. Ukiruhusu mmoja asamehe, kesho yake hakuna atakayeajiriwa bila kusamehe.

Glovo iliendelea na mfumo wake kwa miaka, ikatozwa faini kubwa, na Desemba 2024 ikatangaza kwamba itahamia kwenye ajira nchini Hispania. Umoja wa Ulaya nao umepitisha mwongozo wa mwaka 2024 wenye dhana ya ajira kwa kazi za majukwaa, na nchi wanachama zina hadi Desemba 2026 kuuingiza katika sheria zao.

Bei ya kuachishwa kazi

Sasa turudi kwenye barua ya kuachishwa. Sheria inazo njia kuu mbili: sababu za kinidhamu, na sababu za kiuchumi, kiteknolojia au za upangaji wa kazi. Ya pili inamtaka mwajiri atoe notisi ya siku 15 na alipe siku 20 za mshahara kwa kila mwaka wa kazi, zisizozidi miezi 12.

Hakimu ana majibu matatu. Anaweza kusema kuachishwa ni halali. Anaweza kusema hakukuwa na sababu ya haki. Hapo mwajiri anachagua kumrudisha mtu kazini au kumlipa siku 33 kwa mwaka, zisizozidi miezi 24. Au anaweza kubatilisha kabisa, pale panapokuwa na ubaguzi au haki ya msingi imekanyagwa, kama mwanamke kuachishwa kwa sababu ya ujauzito. Hapo mtu anarudi kazini na analipwa mishahara yote iliyopita.

Chukua mtu anayepata euro 1,500 kwa mwezi, kila kitu kikiwemo. Akiwa na miaka kumi kazini, yote baada ya mageuzi ya mwaka 2012, kuachishwa bila sababu ya haki kunamgharimu mwajiri kama euro 16,270. Kwa sababu halali ya kiuchumi ni kama 9,860. Akiwa na mwaka mmoja tu, fidia ni kama euro 1,630. Kiasi hicho cha mwisho ni mshahara wa mwezi na siku chache. Mwajiri anayetaka kumwondoa mtu mpya kwa chuki binafsi, mradi haingii katika ubaguzi, anaweza kuinunua nafasi hiyo kwa bei rahisi.

Kabla ya Februari 2012 kiwango kilikuwa siku 45 kwa mwaka, hadi miezi 42, na mwajiri alilipa pia mishahara ya kipindi cha kesi hata alipochagua kutomrudisha mtu. Serikali ya wakati ule, nchi ikiwa katikati ya msukosuko wa madeni na zaidi ya mtu mmoja kati ya watano akiwa hana kazi, ilisema gharama kubwa ya kuachisha inawatisha waajiri wasiajiri kwa mikataba ya kudumu. Mahakama ya Katiba iliyapitia mageuzi hayo mwaka 2014 na 2015, ikasema hayavunji Katiba. Vyama vya wafanyakazi vinajibu kwamba fidia yenye fomula na kikomo inakigeuza kitu kilichokatazwa kuwa kitu kinachouzwa. Kamati ya Ulaya ya Haki za Jamii, katika uamuzi uliotolewa mwaka 2024, ilikubaliana na malalamiko ya chama cha wafanyakazi cha UGT kwamba vikomo hivyo havitoshi kumfidia mtu wala kumzuia mwajiri.

Kuna kisa kinachoonyesha tofauti kati ya kilicho halali kikatiba na kilicho cha haki. Sheria iliwahi kumruhusu mwajiri kumwachisha mtu aliyekosa kazini asilimia 20 ya siku za miezi miwili mfululizo, hata kama alikuwa na cheti cha daktari, mradi masharti fulani yametimia. Mwaka 2019 Mahakama ya Katiba ilisema kifungu hicho kinakubalika, ikitegemea uhuru wa biashara na ulinzi wa uzalishaji wa ibara ya 38. Wengi waliikasirikia mahakama. Kilichofuata ndicho cha kutazama: Februari 2020 serikali ilikifuta kifungu hicho, na mwaka 2022 sheria mpya ya usawa ikaitaja hali ya afya miongoni mwa misingi ya ubaguzi. Mgonjwa aliyekuwa anaachishwa kwa siku 20 za mshahara kwa mwaka sasa, akithibitisha kwamba ugonjwa ndio sababu, anaweza kurudishwa kazini. Katiba haikubadilika hata neno moja katika ibara ya 35.

Meza ya mkataba wa hali bora

Kati ya sheria ya Bunge na mkataba wa mtu mmoja kuna mkataba wa hali bora za kazi, ambao Katiba inaupa nguvu ya kufunga. Unapofikiwa kwa taratibu zake na vyama vyenye uwakilishi, unachapishwa katika gazeti la serikali na kuwahusu wote walio katika sekta na eneo hilo, wakiwa wanachama au la. Mhudumu wa baa asiyewahi kulipa ada ya chama analindwa na mkataba wa hoteli na migahawa wa mkoa wake.

Nguvu ya mfumo huo ni kwamba wanachama ni wachache lakini wanaofikiwa ni wengi. Udhaifu wake ni kwamba mwenye baa ndogo ya kijijini anafungwa na makubaliano yaliyofikiwa na watu wasioijua baa yake. Mageuzi ya 2012 yalijibu hoja hiyo kwa kuupa mkataba wa kampuni kipaumbele juu ya ule wa sekta, mshahara ukiwemo. Jibu lilizaa jeraha. Hoteli ziliwakabidhi wasafisha vyumba kwa kampuni za huduma zenye mikataba yao ya bei ya chini. Mwanamke aliyetandika vitanda vilevile, kwenye korido ileile, akapata mshahara mdogo kuliko wa jana. Wanawake hao walijipanga kwa jina la Las Kellys, na sauti yao ilifika Bungeni.

Mageuzi ya Desemba 2021 yaliiondolea mikataba ya kampuni kipaumbele cha mshahara, yakaamuru wafanyakazi wa mkandarasi wafuate mkataba wa sekta ya kazi wanayoifanya hasa, na yakaufanya mkataba wa kudumu kuwa kanuni. Bunge liliyathibitisha tarehe 3 Februari 2022 kwa kura 175 dhidi ya 174, mbunge mmoja wa upinzani akiwa amepiga kura ya ndiyo kwa makosa. Mikataba ya muda, iliyokuwa karibu robo ya ajira zote, imeshuka chini ya asilimia 20. Wakosoaji wanasema sehemu ya waliohama wamekuwa wafanyakazi wa kudumu wa msimu, wanaokaa miezi bila kazi na bila kuhesabiwa katika orodha ya waliojiandikisha kutafuta kazi. Wanachosema kuhusu orodha hiyo ni kweli. Lakini mtu wa msimu mwenye haki ya kuitwa tena hayuko sawa na kibarua anayeanza upya kila mwaka, na miaka yake ya kazi inahesabika.

Kampuni na mlango wa kutokea

Sheria ya biashara, ambayo ni ya Bunge la taifa peke yake, si ya majimbo 17 yenye utawala wake wa ndani, ina mambo mawili yanayomgusa mfanyakazi moja kwa moja.

La kwanza ni dhima. Aliyejiajiri anawajibika kwa madeni yake na mali yake yote, ya leo na ya kesho, kwa ibara ya 1911 ya Sheria ya Madai. Mwenye kampuni anawajibika kwa kile alichoweka. Tangu 2022 kampuni ndogo ya dhima yenye kikomo inaweza kufunguliwa kwa mtaji wa euro 1, badala ya 3,000 za awali, ingawa kampuni ikifilisiwa na mali yake haitoshi, wanahisa wanadaiwa pengo hadi kufikia 3,000. Kampuni ya hisa ya umma bado inahitaji 60,000. Zote hupita kwa mthibitishaji na katika Msajili wa Biashara. Ona basi hali ya msambazaji aliyeitwa mfanyabiashara: alibeba hatari yote kwa mali yake yote, huku kampuni iliyompangia bei ikiwa nyuma ya ukuta wa dhima yenye kikomo. Tangu 1984 Mahakama ya Juu imekubali kuubomoa ukuta huo pale kampuni inapotumika kwa udanganyifu, ila hilo ni la nadra.

La pili ni kufilisika na kuuza. Duka likiuzwa, mikataba ya ajira haifi. Mnunuzi anaipokea ilivyo. Kampuni ikishindwa kulipa, mishahara ya siku 30 za mwisho, hadi mara mbili ya kima cha chini, inatangulia mbele ya madeni mengi. Ikikosekana kabisa, mfuko wa dhamana unaochangiwa na waajiri hulipa mishahara hadi siku 120, nao kwa kikomo. Wadai wengine, hasa wauzaji wadogo, hulalamika kwamba wao ndio wanaobaki mikono mitupu. Malalamiko yao ni ya kweli. Lakini muuzaji ana wateja kadhaa. Mfanyakazi ana mwajiri mmoja.

Mizani inapoelekea

Nikizipima pande zote, naona mfumo wa Hispania umefaulu pale unapoanza na uhalisia wa kazi badala ya jina la mkataba, na katika mikataba ya hali bora inayomfikia asiye na chama. Hata fidia ya fomula ina faida ambayo wanaharakati huisahau: mfanyakazi asiye na wakili anaweza kuipiga hesabu mezani kwake.

Umeshindwa kwa mtu mpya. Fidia inayopimwa kwa miaka pekee inamwacha kijana wa mwaka wa kwanza bila ulinzi wa maana, naye ndiye anayeondolewa kwanza. Bunge linaweza kuweka kiwango cha chini kisichotegemea miaka, bila kugusa Katiba na bila kumwondolea mwajiri uhakika wa gharama. Hoja ya waajiri kwamba hilo litawafanya waogope kuajiri ilitolewa pia dhidi ya mageuzi ya 2021, na ajira za kudumu ziliongezeka.

Hili linawahusu wageni pia. Mwaka 2007 Mahakama ya Katiba ilisema uhuru wa kujiunga na chama na haki ya kugoma haviwezi kunyimwa mgeni kwa sababu tu hana kibali cha ukaazi, na sheria ya wageni inasema kukosa kibali cha kazi hakufuti haki za mfanyakazi dhidi ya mwajiri aliyemtumia. Kwa hiyo yeyote anayefanya kazi huko, mwenyeji au mgeni, atunze ratiba, jumbe za simu na risiti za malipo, kwa kuwa vitu hivyo ndivyo hakimu atakavyoviangalia kabla ya kuangalia jina lililoandikwa juu ya mkataba. Na akipewa barua ya kuachishwa, ahesabu siku kuanzia kesho yake: ana siku 20 za kazi za kuipinga, Jumamosi, Jumapili na sikukuu zikiwa hazihesabiwi. Zikipita bila kufungua shauri, haki yake ya kuipinga imekwisha, hata kama barua yenyewe haikuwa na sababu yoyote.